Siku Niliyoichambua Sura Yangu

Mama Magesa, jirani yangu, ameshaisimulia habari hii kwa wauza dagaa wote wa hapa sokoni Mwigobero, tena kaitia chumvi mpaka nasikia eti nilitolewa na polisi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, aibu ni yangu na mdomo ni wangu. Hakukuwa na polisi. Kulikuwa na mlinzi mmoja tu, na huyo alinisaidia kuharibu.

Binti yangu wa mwisho, Nyanjura, alianza kuchora akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Ukuta wa nyumba yetu ya Kitaji aliumaliza kwa mkaa, nikamchapa, akahamia mlangoni. Alipomaliza shule akaenda Dar es Salaam kusomea sanaa, na mimi (nisameheni, ndiyo ukweli) watu kanisani wakiniuliza nawaambia yuko ofisini. Ofisi gani? Ofisi tu. Niliona haya kusema kwamba nimeinama kwenye mchanga miaka yote ile naanika dagaa ili mtoto akachore.

Basi mwaka huu akapiga simu kwamba amepata ukumbi, anafanya maonyesho yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, niende nikaone, ila kabla sijaenda nimtumie magunia mawili ya dagaa.

"Usiwachambue mama. Nataka hivyohivyo."

"Na furu ndani?" (Furu ni vile visamaki vya miba vya ziwani, vikikauka vinakuwa vyeusi, na ukiviacha kwenye dagaa mteja anakuona mchafu.)

"Na furu waache."

Nikatuma, roho inaniuma. Mimi dagaa wangu wanajulikana mpaka Bunda, pale Manyamanyama kuna mama lishe hanunui kwa mtu mwingine.

Siku ya ufunguzi nikafika asubuhi, Nyanjura akanipokea stendi, akanipeleka moja kwa moja ukumbini. Ni jumba kubwa jeupe lenye ngazi na roshani juu, na sakafuni, ndani ya uzio wa kamba, dagaa wangu wametandazwa juu ya nyavu nyeusi, upana wa ukumbi mzima. Nikauliza picha ziko wapi, mtoto akacheka, akasema, "Utaona mama, nataka nikuoneshe mwenyewe wageni wakija saa kumi." Akaniweka kwenye kiti, akanipa maji, akakimbilia kwa fundi kuchukua gauni. Mlinzi naye akaenda kula.

Ningebaki kwenye kile kiti leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini nikasimama kunyoosha miguu (safari ya kutoka Musoma si mchezo), nikaona ukutani kuna karatasi nzuri imeandikwa: Dagaa wa Mama Nyanjura, Mwigobero, Musoma. Jina langu! Dar es Salaam! Nikasoma mara tatu. Halafu nikageuka kuwatazama hao dagaa wenyewe, na cha kwanza kuona kilikuwa furu.

Nikajiambia nitoe huyo mmoja tu. Nikavua viatu, nikainua kamba, nikamtoa, nikamfunga kwenye pindo la kanga. Pembeni yake kuna mwingine. Nikatazama vizuri, jamani, furu wamejazana mkanda mzima, na mkanda mwingine kama huo ng'ambo, na kule juu wametanda shamba zima! Na uanikaji wenyewe sasa, mahali dagaa wamerundikana, mahali nyavu tupu zinaonekana. Nikasema huyu mtoto amesahau kila kitu, watu wa mjini watasema Mama Nyanjura wa Musoma hajui kuanika.

Mlinzi aliporudi alinikuta nimefunga kanga kiunoni, nimepiga magoti katikati.

"Nitafutie boksi, baba, la kutia hawa furu."

Akaleta boksi. Baadaye aliniambia, "Samahani mama, jinsi ulivyokuwa unaamrisha nilijua wewe ndiye msanii." Wakatokea na wasichana wawili, wageni waliowahi kufika, wakauliza kama wanaruhusiwa kushiriki, nikawaambia vueni viatu. Tukachambua, tukasawazisha, mpaka saa nane na nusu dagaa wametulia sawasawa pande zote, safi, hata mchanga hakuna. Nikasimama nikajipongeza.

Nyanjura akaingia na gauni mkononi, akapanda moja kwa moja roshani kuangalia taa. Akainama kwenye ukingo, akatazama chini.

"Mama."

"Nimekusaidia mwanangu, walikuwaga wachafu sana!"

"Mama, njoo huku."

Nikapanda. Akanipa simu nione picha aliyoipiga asubuhi kutoka palepale. Ilikuwa sura yangu. Furu ndio nyusi, furu ndio nywele, mahali dagaa waliporundikana ni mashavu, nyavu tupu ni mikunjo ya kucheka. Ukiwa chini huoni kitu, mpaka upande juu. Alikuwa amepiga magoti siku kumi na moja kuipanga, na mimi nimejifuta kwa saa moja na nusu.

Nikakaa kwenye ngazi. Mtoto hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alifunika uso na lile gauni akasema, "Naenda kufunga mlango, niwaambie wasije."

Hapo ndipo aibu ikageuka hasira. Nikamwambia, "Hufungi mlango wowote! Wewe kaa huko juu uniambie wapi. Mikono ninayo."

Nikashuka. Wasichana wakashika boksi, mlinzi akavua viatu, na Nyanjura akaanza, kwanza kwa sauti ya kulia, halafu akasahau kulia. "Furu kushoto, mama. Ongeza. Hapana, pua yako siyo ndogo hivyo!" Mimi kumwaga dagaa kwa kiganja mahali ninapotaka ni kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu, sihitaji hata kutazama.

Saa kumi wageni wakaingia, wakakuta mwanamke peku, kanga kiunoni, ananuka dagaa, anajipanga shavu la kulia. Nyanjura angeweza kuwadanganya. Akasema kwa sauti toka juu, "Karibuni. Huyo ni mama yangu, na hao ni dagaa wake. Picha ya kwanza ameikataa, ilikuwa haijachambuliwa."

Walicheka, wakapanda, wakajipanga kwenye roshani wakaniangalia nikimaliza. Nikalia pale magotini, na siwafichi, ilikuwa fahari tupu. Mimi nilimficha mwanangu kwenye ofisi ambayo haipo, kumbe yeye jina langu kaliandika ukutani, watu wote wasome.

Kwa hiyo nimeapa, chochote kilichozungushiwa kamba sikigusi tena, hata kiwe na furu elfu kumi. Na ukiniuliza Nyanjura anafanya kazi gani, anachora, tena kwa dagaa wangu.

Ila yule furu wa kwanza nilimkuta kwenye pindo la kanga basi la kurudi nyumbani likiwa limeshapita Bunda. Nimemweka kabatini, kando ya Biblia. Unyusi wangu wa kushoto uliooneshwa Dar es Salaam una pengo la furu mmoja, na Nyanjura bado hajui.