Upindo wa Kanzu ya Rama

Kila Shaabani ikiingia, kabla hajapokea kazi ya mteja yeyote, rafiki yangu Tausi hushona kanzu moja ambayo Tanga nzima hakuna mtu wa kuivaa. Akiitundika kwenye kamba ya barazani, inaburuzika sakafuni. Watoto wa jirani huingia ndani yake wakafanya hema, naye huwafukuza kwa ndala. Kanzu hiyo ni ya mwanawe Rama, aliyeko Manila. Kila mwaka humwachia upindo mpana chini, kwa sababu siku aliyompima mara ya mwisho kijana alikuwa bado anakua.

Mimi ni Praxeda. Nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye baraza hiyo hiyo, Ngamiani, meza yangu ikitazamana na cherehani yake. Habari za Rama nimezisikia mara nyingi kuliko Injili, na kanisani siku hizi sikosi.

Tulijuana uwanjani, tungali wasichana, kwenye timu ya netiboli. Mimi nilikuwa beki, mkorofi, na magoti yangu mpaka leo yana ushahidi. Yeye alikuwa mfungaji. Mrefu yule! Washangiliaji wa upande wa pili walimwita mlingoti, naye akawanyamazisha kwa kutia mpira golini kama mtu anayeweka sahani kabatini. Ringi ya netiboli haina ubao wa kugongeshea. Ama unaingiza, ama umeaibika. Tausi alinyanyua mguu mmoja kidogo, akaupandisha mpira juu sana, na ukashuka katikati bila kugusa chuma.

Akaitwa kambi ya timu ya taifa, Dar es Salaam. Begi lilishafungwa, baba yake akatoka chumbani akasema maneno machache tu: "Ukienda, radhi yangu huna." Kwa watu wa pwani, na hata kwa sisi Wabondei tunaokwenda kanisani, neno hilo ukishaambiwa huna pa kupita. Tausi akafungua begi. Baadaye aliolewa na Badru wa bandarini, mtu mwema aliyemfika begani, na Rama alikuwa hajaanza shule Badru alipofariki. Ile kambi hakuitaja tena. Ila mara nyingine, akitundika nguo kwenye kamba, namwona ananyanyua ule mguu mmoja.

Rama alirithi urefu wote wa mama na hakuacha kitu. Suruali zake za shule zilikuwa na mistari chini, kila mstari ni upindo ulioachiliwa. Mama yake alimfungia ringi ya chuma nyuma ya nyumba, bila ubao, maana yeye ubao hakuujua. Hapo ndipo mtoto alipojifunzia kikapu, mchezo wa wanaume wenye ubao, kwa mkono wa netiboli.

Miaka ile meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na gati la Tanga, mzigo ukaletwa kwa matishari, na mabaharia walikaa siku nyingi bila kazi. Wengine wakishuka huuliza soko, wengine huuliza bia. Wafilipino walikuwa wanauliza ringi. Walikuja kwenye uwanja wa shule na ndala zao, wafupi watupu, wepesi kama panya wa ghalani, wakacheza mpaka jua likazama. Walipomwona Rama anarusha bila kuutazama ubao, mguu mmoja juu, walicheka sana. Halafu mipira ikaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kucheka.

Mmoja wao, Rodel, alikuja mpaka barazani kwetu akala mihogo na kutusimulia nchi yake. Huko ringi hupigiliwa kwenye mnazi, kwenye mlango wa gereji, kwenye ukuta wa kanisa. Zamani za babu zake waliwahi kushika nafasi ya tatu duniani. Tangu hapo, mimi naona, taifa zima linangoja kurefuka. Hata waliotawanyika kutafuta riziki wanakwenda na mchezo wao. Uarabuni, Ijumaa ya mapumziko, watumishi wa nyumbani na mafundi hugeuza maegesho ya magari kuwa uwanja, timu zina jezi, zina majina, na warembo wa kuzitangulia siku ligi inapofunguliwa. Rodel alimpiga Rama video, akamtumia binamu yake aliyekuwa kocha wa chuo huko Manila. Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kijana akapata nafasi ya kusoma na kucheza, akaondoka na kanzu moja begini.

Basi tukawa watazamaji. Mechi za kule huchezwa usiku, kwetu ni mchana wa saa nane, wateja wamelala. Simu tunaiegemeza kwenye cherehani. Na Tausi, Mungu amsamehe, kila kitu alikipima kwa netiboli.

"Hatua! Refa, hatua hiyo! Mbona anatembea na mpira?"

"Anaudunda, Tausi. Kikapu ruhusa."

"Hata kama."

Rama alipomaliza chuo akaajiriwa na timu za kulipwa, na hapo ndipo tulipolijua neno lao. Mchezaji wa kigeni kule huitwa impoti. Tausi akaniuliza maana yake, nikamwambia ni bidhaa inayotoka nje.

"Kama mtumba?"

"Mtumba wa daraja la kwanza," nikamtania.

Hakucheka. Na kweli hapakuwa na cha kuchekesha. Timu huruhusiwa impoti mmoja, na kwenye baadhi ya mashindano hupimwa urefu, akizidi hachezi. Wenzake walimfundisha Rama kukunja magoti kidogo ndani ya suruali pana. Mama yake aliposikia alipandisha sauti mpaka mtaa ukageuka: "Mie nimemwachilia pindo toka mtoto, wao wanataka azipandishe!" Tena timu ikifungwa mara mbili tatu, lawama ni za impoti. Hupandishwa ndege, akaletwa mwingine. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Rama alitolewa, akaenda Taiwani, akarudishwa, akatolewa tena, na ilifika mahali nguo zake hazitoki begini.

Ndipo siku moja akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna tajiri mmoja hapa ana timu, amenisemea. Bunge lao limepitisha sheria ya kunifanya raia. Ina jina langu peke yangu. Nikiapa, si impoti tena. Nacheza kama mwenyeji, na timu ya taifa huenda wakaniita."

"Bunge zima limekaa kwa ajili yako weye?" Uso ulimng'aa.

"Lakini mama, sheria ya kwetu haitaki mtu awe na nchi mbili. Nikiapa huku, huko nimetoka. Siwezi kuapa bila radhi yako."

Akatuma na picha ya mchezaji mwenziwe siku ya sherehe, tuone vazi lao la heshima atakalovaa. Ni shati jeupe la mikono mirefu, halichomekwi, limedariziwa kifuani, lakini linaishia kwenye nyonga. Tena jepesi kama chandarua, fulana ya ndani unaiona. Tausi akaitazama picha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kanzu ya watu hii nani kaikata?"

Rama alicheka huko aliko, mimi nikacheka, na Tausi akashikilia kicheko hicho hicho ili asijibu lile aliloulizwa. Akauliza kitambaa, akauliza darizi, akaaga. Simu ilipokatika akainama juu ya cherehani wala hakushona.

"Praxeda, mwanangu atakuja kwangu kwa viza?"

Nikasema siku hizi wanazungumzia hadhi maalumu kwa watu kama hao. Akaniambia hataki mwanawe apewe hadhi, anataka apewe ubwabwa, hapa, kwenye mkeka huu. Nikamwuliza kama anaogopa kwa kuwa nchi ile watu wake ni Wakatoliki wenzangu. Nikamwambia wakimbatiza mimi ndiye mama wa ubatizo. Siku nyingine angenirushia mkasi. Siku ile aliuweka mkasi mezani. Jirani mmoja, ambaye mdomo wake hauna kipindi cha mapumziko, alipita akasema mkataa kwao mtumwa. Nilimjibu mimi, na sitayarudia hapa niliyomjibu.

Radhi haikutoka. Rama alipiga, wakazungumza mvua na bei ya nazi. Hakumshurutisha mama yake na hakuapa. Halafu timu yake ikafungwa mfululizo, na kwa kuwa bado alikuwa impoti, wakamwambia afunge mizigo.

"Mama, narudi nyumbani," akasema. "Lile neno la uraia liache, limekwisha."

Hamjamwona Tausi akifurahi. Alipaka chokaa chumba. Alimwagiza seremala kitanda, na kitanda kikawa kirefu hata kuingia mlangoni ikabidi kisimamishwe wima. Mtaa mzima ulipewa habari, pamoja na yule jirani. Kanzu ya mwaka ule, iliyokwisha kushonwa, aliipiga pasi akaitundika ukutani juu ya kitanda.

Zikiwa zimebaki siku chache, Rama akatuma video. Alikuwa akiwaaga watu wa mtaa wake. Tuliona kichochoro chembamba kimejaa nguo za kuanikwa, na mwishoni mnazi uliopigiliwa ringi bila ubao. Chini yake watoto wa ndala wakipiga kelele: "Rama! Rama!" Wakawa wanaingia mmoja mmoja kumwonyesha walichojifunza kwake. Kasichana kakashika mpira, kakanyanyua mguu mmoja kidogo, kakaupandisha mpira juu sana, ukashuka katikati. Kakafuata kavulana, vile vile. Na mwingine. Wote mguu mmoja.

Tausi aliniwekea mkono begani.

"Hawa wanarusha kama mie."

"Naona."

Akairudia video ile mpaka simu ikaisha chaji. Kisha akasema taratibu, akitazama barabarani.

"Baba alininyima radhi nikakaa. Sikumchukia, Mungu amrehemu. Lakini ile kambi, Praxeda, mie sijaitoka hata leo. Naamka nayo. Nikimrudisha huyu mtoto atakuja, kitanda hiki atalala, na ubwabwa atakula. Na atakaa hapa anatundika nguo kama mie."

Nililia kabla yake, nakiri. Yeye aliingia chumbani akaishusha kanzu ukutani. Akailaza mezani, akachukua chaki, akapiga mstari usawa wa nyonga. Mkasi ulikuwa mkononi nami nikadhani hatafanya. Akasema bismillahi, akakata. Sijapata kusikia mkasi ukikata kwa sauti kubwa kama ile. Siku mbili alidarizi kifua kwa uzi mweupe wa meza yangu, maua ya kofia ya kiua aliyofundishwa utotoni na mama yake mwenyewe, kutoka shingoni mpaka chini. Ndipo akapiga simu.

"Rama, ndege usipande. Ile sheria bado ina jina lako, kaape. Vazi lako nalituma kwa posta. Nimekupa radhi, mwanangu, ya dunia na akhera."

Upande wa pili nikamsikia mtoto mwanamume mzima anavuta kamasi.

Siku ya kiapo tulikuwa barazani saa mbili asubuhi. Wakubwa wa kule walikuwa wamevaa vile vyandarua vyao, na katikati yao Rama amesimama wima, magoti hayakukunjwa, ndani ya ile kanzu iliyokatwa, poplini nene ya Ngamiani. Akanyanyua mkono wa kuume. Lugha hatukuielewa, ila tulimwelewa. Mama yake alisimama naye mpaka mwisho, kisha akaketi kama mtu aliyetua ndoo.

"Ni wao sasa," akasema.

"Ni wako," nikamwambia.

"Ni wangu. Lakini nimemkosa, Praxeda. Nimemkosa sana."

Mezani kilikuwa kimebaki kile kipande cha chini cha kanzu, kuanzia nyonga mpaka vifundoni, kitambaa kirefu, kisafi. Mimi mfanyabiashara, nikakipima kwa jicho na kusema hicho kinatoa foronya mbili nzuri. Tausi akakivuta kwake.

"Hiki hakikatwi. Upindo wake bado upo. Siku akija, hata kama ni kwa viza, nitamuungia."

Akakikunja, akakitia kwenye sanduku lake la nguo, akaniomba kibiringo cha uzi mweupe, akakiweka juu yake na kufunga sanduku.