Mwisho Ulionitoa Machozi

Jameni, hii aibu wacha niitoe mwenyewe kabla watu wa Gilgil hawajawaletea.

Pale kwa ushirika wetu wa maziwa, kila Ijumaa saa ya chai kila mtu husema anasoma kitabu gani na kwa nini. Bosi wetu, Mama Chebet, ndiye alianzisha. Mimi aliniazima riwaya yake ya msichana aliyefukuzwa shambani na babake. Nikasoma maneno ya jalada la nyuma, nikaiweka juu ya kabati, ikakaa hapo mwezi mzima.

Ijumaa iliyopita zamu yangu ikafika. Ningesema ukweli, lakini bosi alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia rafu mpya ya vitabu, na mimi napenda cheo, hata kiwe cha rafu.

"Nimeimaliza," nikasema. "Na mwisho wake ulinitoa machozi."

Mama Chebet akaweka kikombe chini. "Kwani inaishaje?"

Nikadhani ananipima. "Msichana anamsamehe babake, madam. Wanakumbatiana hapo kwa boma, mvua ikinyesha."

Mwenzangu Kamau akapangusa jicho. Kuona hivyo, nikaongeza na upinde wa mvua.

"Una bahati," Mama Chebet akasema polepole. "Mimi ndama alinilia kurasa zote za mwisho kabla sijazifikia. Mwezi mzima nangoja uniulize ziko wapi. Kumbe hapa kwetu, ni wewe na ndama wangu tu mnaojua ilivyoisha!"