Siku Kumi za Mwezi Mkubwa

Eufrasia alikuwa na daftari la kulinganisha miradi. Mwanamke wa Kidahwe, mwenye stashahada ya kompyuta na chumba cha kuazima Ujiji, alikaa wiki mbili akisoma programu ndogondogo za lugha ya kompyuta iitwayo Python ambazo wenyewe wameziacha wazi mtandaoni, yeyote azisome na kuzirekebisha. Alitafuta moja tu ya kuwafaa wanafunzi wake watano wa kuandika programu.

Wafadhili waliolipia intaneti walikuwa wamesema wazi: hadi mwisho wa mwezi ujao, kazi ya mwanafunzi mmoja iwe imepokelewa na mradi wa mtu mwingine. La sivyo, kompyuta zitahamishwa, na chumba kitarudi kwa mwenyewe, Mzee Athumani, ambaye siku zote alikitazama kwa macho ya mtu mwenye nyavu nyingi.

Ugumu ulikuwa ziwa. Wanafunzi wanne kati ya watano walivua dagaa kwa taa, na Hidaya, wa tano, aliwaanika dagaa hao. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, vyombo vinapumzika siku kumi, darasa linajaa. Giza likirudi, Eufrasia anafundisha viti. Kwa hiyo mradi ulitakiwa usomeke kwa siku kumi na usisahaulike kwa ishirini. Vitabu vya ualimu alivyosoma, na alisoma vingi, havikugusia jambo hili.

Programu ya kuorodhesha kazi za siku aliikata mapema. Wanaojifunza dunia nzima walikuwa wamejipanga pale, mmoja kaleta nukta, mwingine kaja kuiondoa. Ya mchezo wa kubahatisha maneno ilikuwa nzuri, fupi, inachekesha, ila mwenyewe alionekana mara ya mwisho miaka minne iliyopita. Ikabaki kalenda ya mwezi: mistari mia tatu na kitu, na mwenyewe, mtu wa mbali anayejibu kwa adabu ndani ya siku moja. Eufrasia akaizungushia duara.

"Madam, hii kitu inadanganya," alisema Nuhu, mvuvi wa miaka arobaini, siku ya tatu ya darasa. "Inasema mwezi mkubwa ni siku moja."

"Kitaalamu ni siku moja, kaka Nuhu."

"Basi mtaalamu aje tumpakie chomboni."

Hidaya alicheka. "Mtamrudisha kapakata ndoo anatapika."

Nuhu aliandika kipengele cha kuonyesha siku kumi za kupumzisha nyavu. Kilimchukua siku sita na vidole viwili. Wakakituma. Mwenye mradi alijibu siku ya kumi: wazo zuri sana, hakuwahi kulifikiria, aongezewe tu jaribio la kuthibitisha kwamba hesabu ni sahihi, naye atapokea.

Jaribio ni mistari kumi na moja. Eufrasia angeliandika kabla chai haijapoa. Lakini ukutani alikuwa amebandika kanuni yake mwenyewe, kwa herufi kubwa: mwalimu hagusi kibodi ya mwanafunzi. Nuhu alikuwa ameshaondoka na chombo kuelekea Kagunga. Eufrasia akamwandikia mwenye mradi kwamba mwandishi yuko ziwani, atarudi baada ya siku ishirini. Hakujibiwa. Akauchukulia ukimya ule kuwa uungwana.

Nuhu alirudi, akaandika mistari kumi na moja bila kuuliza swali. Eufrasia alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Walipotaka kutuma, juu ya ukurasa kulikuwa na tangazo la siku tano zilizopita: mwenye mradi amepata mtoto, anawashukuru wote, mradi sasa ni wa kusomwa tu.

"Kafunga?" Nuhu aliuliza.

"Kafunga."

"Hongera zake, basi." Alitazama mikono yake. "Madam, ungeandika wewe ile siku, ingepita?"

"Ingepita."

Nuhu alizima kompyuta. Eufrasia angependa amlaumu kwanza.

Alimpigia simu Telesphory, msimamizi wa wafadhili, akaeleza yote, hata habari za mtoto.

"Pole sana. Imepokelewa au haijapokelewa?"

"Alisema atapokea."

"Fomu yangu ina ndiyo na hapana tu, madam."

"Siku tatu hizi zilizobaki nitafute mradi mwingine?"

"Tafuta," alisema Telesphory, kwa sauti ya mtu anayemshauri mgonjwa ale matunda.

Alitafuta. Hakuna aliyejibu.

Kompyuta zilipakiwa Jumatatu. Mchana Mzee Athumani alileta nyavu, Nuhu akiwa mmoja wa waliozibeba, maana alilipwa kubeba. Eufrasia alibandua kanuni yake ukutani, gundi ikaondoka na rangi.

"Mbona umezileta leo, Mzee?" aliuliza, apate la kusema.

"Si mwezi mkubwa? Nyavu zinapumzika."

Ilikuwa siku ya nne kati ya kumi. Programu ya Nuhu ilikuwa imeitaja sawasawa.