Debe la Jikoni

Nakumbuka siku ya harusi ya kaka yangu, pale Chinongwe. Nilikuwa msichana, nimemaliza darasa la saba juzijuzi, na wazee wakanipa kazi ya maji ya kunawa. Mwanangu, nilijiona! Fundi alinitengenezea madebe matatu yenye koki. Mawili nikayaweka mbele ya turubai, ili wakwe kutoka Ruangwa mjini wayaone wakishuka tu kwenye lori. La tatu nikalipeleka nyuma, jikoni, karibu na choo, kwa shangazi Somoe na wapishi wenzake.

Kumbe sikuhesabu watu. Adhuhuri haijafika, madebe ya mbele yamekauka, na kisima kiko mbali. Nikaona aibu. Nikaenda jikoni, nikabeba debe lao na sabuni yake.

"We mtoto, sisi tunawe na nini?" shangazi akauliza.

"Wageni kwanza, shangazi," nikamjibu, hata sikugeuka.

Basi wapishi wakawa wanachovya mikono kwenye karai moja, wakitoka chooni, wakirudi kwenye masufuria. Kesho yake watu wakaharisha. Mama mkwe wa kaka alilazwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini maneno yakaenea kwamba Somoe ni mchafu. Mimi niliyejua nikanyamaza. Hakuna aliyemwita tena kupika kwenye shughuli, yeye ambaye kila harusi ya pale ilipita mikononi mwake.

Hakunisema mbele za watu. Siku moja tu, tukipepeta mtama, aliniambia, "Debe zima la maji uliweza kulibeba. Neno moja ndilo limekushinda?"

Nililisema, mwanangu. Nililisema siku ya arobaini yake, wengine wakipika.

Sasa wewe unaniambia Jumamosi, kwenye shughuli yenu, ndoo zote za kunawa utazipanga getini kwa ajili ya mgeni rasmi. Hapana, tafadhali. Hesabu watu kwanza, na wapishi uwahesabu. Ndoo ya kwanza iwe mlangoni pa choo, ya pili jikoni, kila moja na sabuni yake, na mtu wa kujaza asiyebanduka. Ndipo ufikirie geti. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, aliyeonewa akiwa hai akusikie.

Mungu akutangulie, mwanangu. Awarudishe wapishi wako majumbani majina yao yakiwa safi.