Mgongo wa Dada

Harufu ya mawese yakipata moto hunirudishia dada, amelala mkekani nyumbani Kasulu, mama akimkanda kifua ili nyama iote. Alizaliwa bila msuli wa kifua upande wa kushoto. Moyo ulionekana ukidunda chini ya ngozi.

Hospitalini, daktari alitueleza taratibu: "Tutageuza msuli wa mgongoni uje mbele, uukinge moyo. Binti, shika kiuno, ukohoe, niuhisi ukikaza."

Upande wa kulia wa mgongo ulishtuka. Wa kushoto ulitulia tuli chini ya kiganja cha daktari.

"Kohoa kwa nguvu, mwanangu!" mama alisihi.

"Mama, hata msuli huu wa mgongoni hakuzaliwa nao," alisema daktari.

"Chukueni wangu," nikasema.

"Wa mtu mwingine haushiki, mdogo wangu."

Jioni mama alipasha mawese, akamlaza dada kifudifudi, akaanza kumkanda mgongo.