Kilemba cha Fundi Husein

Abdulwahid alikuwa mlipaji mzuri. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hapa Amu, mji ambao wengine huuita Lamu, kila fundi anapomwacha tajiri wake, watu hukimbilia kusema kwamba amedhulumiwa ujira. Husein hakudhulumiwa. Mshahara wake ulifika kila mwisho wa mwezi, sikukuu alipewa mbuzi, na mkewe Bi Shifa alipolazwa, tajiri alilipa hospitali bila kunung'unika. Mtu wa namna hii ni vigumu kumlaumu. Mwenyewe alilijua hilo, na akajikinga nalo kwa kila jambo.

Husein ni mtu wa kisiwa cha Ndau. Alivuka kuja Amu akiwa mtoto, akasoma chuo hapa, kisha akajifunza kupaka neru, ile chokaa laini inayosuguliwa kwa jiwe mpaka ukuta unang'aa kama ndani ya chaza. Sasa ana wajukuu, anakaa mtaa wa Wiyoni, na vumbi la chokaa limemwachia kikohozi kisichokwisha. Nyumba nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake, za wenyeji na za wageni. Katika zote, jina lililotajwa lilikuwa la kampuni ya ujenzi ya Abdulwahid.

Hakulalamika. Kazi ikiisha, alikuwa na tabia ya kungoja kando ya ukuta mpaka tajiri apite atazame. Abdulwahid alipita, simu sikioni. Akiugusa ukuta, ni kwa kuuegemea.

Siku moja, baada ya kumaliza sebule ya nyumba moja kubwa, Husein alijikaza akamuuliza, "Vipi, Bwana Abdulwahid?"

"Vipi nini? Hukulipwa?"

"Nimelipwa."

"Sasa wataka nikuimbie?"

Vibarua wakaangua kicheko. Husein akacheka nao, akaanza kuosha mwiko wake.

Kisha Abdulwahid akaenda Mombasa kwenye semina ya wakubwa wa kazi. Huko akaambiwa kwamba mfanyakazi haishi kwa mshahara peke yake, anahitaji pia kuthaminiwa. Neno hili alilipokea kama apokeavyo mifuko ya saruji: akaliagiza kwa jumla. Akarudi na fulana zenye jina la kampuni kifuani, na vyeti vya mfanyakazi bora, kimoja kwa kila mtu, maneno yale yale. Alipewa aliyefanya kazi, akapewa na aliyeshinda amelala kivulini.

"Na punda je?" akauliza kibarua mmoja. "Yeye ndiye abebaye mtanga wote wa kujengea."

Kila asubuhi sasa, kabla hata mtu hajakoroga chokaa, simu za wafanyakazi zililia kwa ujumbe wa tajiri: "Hongereni timu yangu," na picha za mikono inayopiga makofi. Hongera ya nini, wakati kazi yenyewe haijaanza? Mtu anayekusifu bila kukutazama hana tofauti na mtu anayekuamkia huku akimtafuta mwingine nyuma ya bega lako. Lakini Abdulwahid aliridhika. Aliona deni la shukrani amelilipa, tena kwa bei nafuu.

Ndipo ikaja kazi ya msikiti mmoja wa mtaani, ambao mihrabu yake, kile kishubaka cha kibla anaposimama imamu, ilikuwa imeliwa na chumvi. Husein alikuwa hajapata kupaka mihrabu. Kila fundi wa neru hutamani kazi hiyo, na sababu si malipo. Kwa watu wa msikiti ule, mihrabu ikimalizika, watu hukusanyika uani, husomwa Fatiha, kisha fundi huvua kofia yake na aliyemwajiri humfunga kilemba kwa mkono wake mwenyewe, huku akisema mbele ya wote: huyu ndiye aliyeifanya kazi hii. Kitambaa chenyewe si cha thamani kubwa. Lakini kuanzia siku hiyo mtu huyo huitwa fundi na mji mzima, na hata akifa, watoto wake huambiwa kazi ya baba yao ni ile pale.

Hicho ndicho alichokitaka Husein, na hakutaka kitu kingine. Bi Shifa anasema siku za mwisho za kazi alimkuta chumbani akijizoeza kuinamisha kichwa.

Siku ikafika. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Bwana Bakr, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alileta kilemba kwenye sinia akamkabidhi Abdulwahid. Husein, katika kanzu iliyopigwa pasi, akasogea mbele. Akavua kofia, akaitia mfukoni.

Abdulwahid alimtazama. Kisha akamtazama mgeni wa heshima, mkubwa mmoja mwenye kauli katika kugawa tenda. Kisha akapaza sauti:

"Nabhan! Ndoo hapa mbele, mwanangu."

Nabhan ni mwanawe, injinia, aliyekuwa ametua kwa ndege Manda, kisiwa cha jirani, jana yake kutoka Nairobi. Mihrabu ile alikuwa hajaiona mpaka mchana wa siku hiyo.

"Huyu," Abdulwahid akasema huku akimzungushia kitambaa, "ndiye aliyeifanya kazi hii."

Ua ulijaa watu wazima, wenye ndevu na tasbihi, na kila mmoja alijua. Bwana Bakr alifungua kinywa, akakumbuka nani aliyetoa mazulia ya msikiti, akakifunga. Wengine walisema Mashallah. Mtu mmoja alipiga video, ya kilemba na ya mihrabu yenyewe. Husein alibaki amesimama kichwa wazi mbele ya watu wote, mkono ukiitafuta kofia mfukoni na usiipate upesi.

Jioni ile ile simu yake ikalia. Tajiri alikuwa amemtumia pesa, na chini yake maneno: "Bonasi. Usijali mzee wangu."

"Mzee?" Bi Shifa akauliza. "Si mlikuwa chuo kimoja cha Kurani nyinyi?"

Husein akazirudisha pesa. Abdulwahid akadhani ni chache, akaongeza, akatuma tena. Zikarudi tena. Jumamosi Husein hakwenda kazini. Alikwenda kupaka birika la msikiti mdogo wa Wiyoni, lile tangi la maji ya kutawadhia, kwa ujira ambao Abdulwahid angeona haya kuutaja.

Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mara nyingi, lau si Bi Huwaida. Mama huyu ni mfanyabiashara wa hapa hapa Amu, na alikuwa akijenga nyumba ya wageni Manda. Ile video ilimfikia. Akampigia Abdulwahid.

"Kazi nakupa. Lakini kuta zangu apake yule uliyemfunga kilemba. Kwa mkono wake."

Abdulwahid akacheka. Bi Huwaida hakucheka.

Ikambidi aende Wiyoni. Alimkuta Husein ndani ya birika tupu; yeye tajiri akasimama ukingoni kwa uangalifu ili viatu vyake visiguse chokaa.

"Husein, panda juu tusemezane."

"Sema. Nasikia."

"Utakwenda Manda alfajiri, upake, uondoke kabla mama huyo hajaya. Akija, atamkuta Nabhan ameshika mwiko. Nitakulipa mara mbili."

"Sitaki mara mbili."

"Mara tatu!"

"Bwana Abdulwahid," Husein akasema bila kuinua uso, "Ijumaa watu watajaa msikitini. Simama useme mihrabu ameipaka Husein. Maneno hayo tu. Jumamosi niko Manda, kwa mshahara ule ule wa zamani."

"Nimuumbue mwanangu mbele za watu?"

"Basi nenda zako, niwate nipake."

Tazama akili ya mtu huyu. Alikuwa tayari kutoa mishahara mitatu, asitoe sentensi moja ambayo ni ya kweli na haigharimu kitu. Na watu wa namna hii ndio wanaokaa mbele kwenye semina, wakiuliza kwa nini wafanyakazi wa siku hizi hawana uaminifu.

Basi akaenda Manda Nabhan. Bi Huwaida aliagiza kiti, akaketi, akatazama. Kijana alipaka, neru ikashika kidogo, kisha ikaanguka vipande vipande juu ya viatu vyake. Akapaka tena, ikaanguka tena. Baba yake alikuwa kando akisoma simu isiyokuwa na ujumbe wowote.

Nabhan akauweka mwiko chini. "Mama, mimi sijui kazi hii. Mihrabu ile aliipaka Fundi Husein wa Wiyoni. Kila mtu ajua."

"Ni kweli, Bwana Abdulwahid?"

"Kampuni ni moja, Bi Huwaida."

"Sikuuliza kampuni."

Bi Huwaida akainuka kitini. Akavuka kurudi Amu, akaenda mwenyewe mpaka Wiyoni, akasimama nje ya ukuta wa birika, watu wakiingia kusali.

"Wewe ndiwe uliyepaka mihrabu?"

"Ndimi."

"Ile video nimeitazama sana. Pale juu kushoto, ukuta wa zamani umepinda, na wewe umeufuata ulivyopinda, hukuulazimisha kunyooka. Mwengine angelipabomoa. Ndipo nilipojua huyu ni mtu anayeipenda kazi yake."

Husein alikohoa muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamwambia birika halijesha, itabidi angoje. Akangoja. Alipoulizwa ujira wake, alitaja ule ule aliokuwa akilipwa na Abdulwahid.

Habari zilipomfikia Abdulwahid akiwa barazani na wenzake, hakuuliza Husein yu hali gani, wala kama amekasirika bado.

"Amempa ngapi mama huyo?" akauliza.

Akaambiwa: kiasi kile kile chako.

"Haiwezekani," akasema. Na mpaka leo, kila akutanapo na mtu aliyetoka Manda, humvuta kando na kumuuliza ni kiasi gani hasa.