Nirudishie Jina Langu

Tangu kibanda cha Majina kiezekwe mabati mapya, Mounira hakuwa na raha. Kila akifungua mlango asubuhi, bati linammulika usoni kutoka ng'ambo ya barabara, naye anafyonya na kurudi ndani. Abedi, mumewe, akamuuliza kama jua la mtaa wa Kasuku siku hizi linachomoza kwa jirani. Mtu mwenye donge rohoni anataniwa vipi?

Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, mtoto uliyempa jina lako humwiti mwanangu. Unamwita Majina, naye anakuita Majina, mnakuwa kama mtu mmoja. Na huyu alilipata jina lake kwa taabu. Miaka ya vita, mji ulipokuwa haukaliki, Mounira na jirani yake Odette walikimbilia porini upande wa Kibombo, Odette akiwa na mimba kubwa. Huko walijifunza jibu moja tu. Akitokea mwenye bunduki, awe wa upande wowote, akiuliza mna nini, unasema hatuna kitu. Mchele umeufunga kiunoni chini ya kitenge, na bado unamtazama machoni unasema hatuna kitu. Jibu hilo liliwaweka hai. Mtoto akazaliwa humo humo porini, Mounira akamkata kitovu, na Odette, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, akampa bintiye jina la Kiislamu la mwenzake.

Odette alipofariki, Mounira alimlea yule binti na kumfundisha vitumbua: kuloweka mchele, kuutwanga, kutia iliki, na kuuacha unga uumuke bila kuuchungulia chungulia. Majina akaolewa, akafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na ugomvi. Mounira aliuzia wanafunzi mbele ya lango la shule, Majina akauzia wapita njia.

Halafu ikaja Corona. Shule zikafungwa, wateja wa Mounira wakakaa kwao, sukari ikapanda, na mtaji wote ukaliwa pale pale nyumbani. Shule zilipofunguliwa hakuwa na cha kuanzia upya. Akawa anapika kidogo kidogo uani, anawauzia majirani, na meza yake ya shuleni akaikuta imekaliwa na mwingine. Sasa serikali ikaleta msaada wa kuinua biashara ndogo ndogo zilizoangushwa na ule ugonjwa, na ukatua wapi? Kwa Majina. Mabati, meza, vikaango vipya, mifuko ya mchele na sukari.

Wivu ulimkaba hadi chakula kikamshinda. Mtoto niliyemkata kitovu mimi! Nani hapa Kasuku hajui Mounira wa vitumbua ni nani? Akaanza kujiambia kwamba wale watu wa serikali walikuwa wakimtafuta yeye, wakaelekezwa vibaya, na Majina akaitikia jina lisilo lake akanyamaza. Kadiri alivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Asubuhi moja akakaza kitenge, akavuka barabara, akasimama mbele ya wateja wote.

“Nirudishie jina langu,” alisema.

Waliokuwa wakitafuna wakaacha kutafuna. Jina halidaiwi, jamani. Watu hugombana, hunyimana maji, hata huzikana bila kusemezana, lakini jina likishatolewa limetoka. Majina akaweka kijiko chini.

“Walipofika kwangu, mimi njo niliwatuma kwako kwanza,” alisema. “Niliwaambia waanze na majina yangu, yeye njo alinifundisha. Wakarudi wakasema yule mama amekana. Hauzi kitu. Eti iko na matanga, vitumbua ni vya waombolezaji.”

Mounira akakumbuka. Vijana wawili wenye vizibao vya njano walisimama uani kwake, mmoja akauliza, mama, unafanya biashara gani? Tangu lini mtu wa serikali akakuuliza biashara yako kwa nia njema? Akiuliza hivyo anatafuta kodi, na asipopata kodi anabeba sufuria. Mounira hakufikiri hata kidogo. Alifunika kikaango, akavuta uso wa msiba, akasema hana kitu. Abedi akajikohoza kwa huzuni kuusindikiza uongo. Vijana wakatoa pole, wakaenda. Jioni ile mume na mke walicheka sana, wakajiona wajanja.

Majina akamwambia kwamba wale vijana watapita tena kwa walioachwa. Akamfungia vitumbua viwili vya moto. Mounira alivipokea kwa aibu, akavila njiani, na vilikuwa vitamu kuliko vyake. Hilo nalo likamuuma.

Siku walipokuja, alikuwa uani mbele ya moto. Vizibao vile vile, swali lile lile. Mama, unafanya biashara gani? Mkono ulishashika kifuniko, na lile jibu la porini lilishafika kwenye ulimi. Abedi akaanza kukohoa.

Mounira akainua macho, akayaona mabati ya Majina yanang'aa juani. Wivu ukampanda kutoka tumboni hadi kooni, ukalisukuma lile jibu la zamani likarudi chini.

“Nyamaza na kikohozi chako,” alimwambia mumewe. Akawageukia vijana. “Nauza vitumbua. Na yule mwenye mabati pale, mimi njo nilimfundisha. Na mimi nataka mabati.”